Jaji Anatafuta Mzazi

Hotuba hii niliitoa Jumamosi mbele ya wafugaji wa mbwa waliokutana hapa Nairobi. Wengi waliokosa kufika wameomba kuisoma, kwa hivyo naiweka yote jinsi ilivyosemwa.

Mwenyekiti wetu, wazee, kina mama, vijana mliotoka Ruai, Utawala, Rongai na Kitengela, hamjambo? Hamjambo tena! Nawaona watoto wa shule kule nyuma. Sogeeni mbele, kwa sababu ninyi ndio mtakaoshika kamba za mbwa wakati sisi tumekaa vitini.

Nimeombwa nieleze maonyesho ya mbwa yanavyoendeshwa na jaji anavyoamua. Wengi mnanijua, kazi yangu ugani, yaani ndani ya uwanja wa maonyesho, ni ukarani. Mimi ndiye ninayeita nambari, ninayewapanga mbwa kwenye mstari, ninayeandika maneno ya jaji na kumkabidhi tepe. Jaji akinong'ona, nasikia. Mwenye mbwa akitoka akinung'unika, nasikia pia. Na manung'uniko mengi, ndugu zangu, chanzo chake ni kimoja: mtu amekuja akidhani haya ni mashindano ya urembo.

Si mashindano ya urembo. Jaji akiingia ugani anatafuta mzazi. Narudia ili walio nyuma wasikie: jaji anatafuta mzazi. Anamtazama dume, anajiuliza, huyu akipandisha, watoto watakuwa mbwa wa namna gani? Anamtazama jike, swali ni lile lile. Tepe, vikombe na picha vyote vimejengwa juu ya swali hilo.

Mmewahi kwenda maonyesho ya kilimo pale Jamhuri Park mkaona ng'ombe wakizungushwa na vijana waliovaa makoti meupe? Mfugaji wa Githunguri akisimama pale hatazami uzuri wa uso wa Friesian. Anatazama kiwele, anatazama miguu ya nyuma, anatazama mgongo, kwa sababu kesho atanunua mbegu na hataki kulishwa hasara miaka mitano. Mbwa naye hupimwa kwa macho hayo hayo, na ukimwelewa mfugaji yule umemwelewa jaji wa mbwa.

Sasa jaji anapima kwa kutumia nini? Kila aina ya mbwa ina maelezo yake yaliyoandikwa, ambayo sisi tunayaita kiwango. Kiwango kinaeleza kichwa, meno, masikio, mgongo, mkia, manyoya, mwendo na tabia. Hayo yote yanatokana na kazi ambayo mbwa yule alizalishwa kuifanya. Jaji hampimi mbwa wako dhidi ya mbwa wa jirani. Anampima kila mmoja dhidi ya kiwango, halafu anaamua ni nani amekikaribia zaidi. Ndiyo sababu jaji ana ruhusa ya kukataa kutoa utepe wa kwanza hata kama ugani wamo mbwa wanne. Ikiwa hakuna aliyefikia, hakuna.

Kijana mmoja alikuja na dume la German Shepherd, jitu la mbwa. Watu nje ya kamba walipiga makofi kabla hata hajaanza kukimbia. Jaji akamweka wa mwisho. Kijana akanijia macho yamemwiva. "Mzee, wangu ndiye mkubwa kuliko wote. Kwani hakumwona?" Nikamwambia, alimwona, mwanangu, na ukubwa ndio uliomponza. Kiwango cha FCI, shirika la kimataifa la vyama vya mbwa, kinataka dume wa German Shepherd awe na sentimita 60 hadi 65 begani, na jike 55 hadi 60. Mbwa huyu aliumbwa atembee na kondoo kutwa nzima, arudi jioni, na kesho atoke tena. Akizidi urefu na uzito, anayelipa ni viungo vyake.

Wenzangu, hili la ukubwa linanisumbua moyo. Hapa Nairobi tunauza mbwa kama tunauza viazi, kwa kilo. Tangazo linasema "baba yake ana kilo 60", na watu wanatuma pesa. Ni nani aliwaambia kwamba mbwa mzito ndiye mbwa bora? Hakuna kiwango chochote kinachosema hivyo kuhusu German Shepherd. Hakuna.

Haya, tuingie ugani.

Siku ya maonyesho huanza langoni. Bila cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa, huingii, na usibishane na mtu wa langoni. Nchi yetu imejiwekea lengo la kukomesha vifo vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030, na sisi wenye mbwa tunaojivunia ndio tunaopaswa kutangulia. Ukipita, unapewa nambari unayoibandika mkononi. Nambari, si jina. Jaji hapaswi kusoma kitabu cha orodha kabla ya kumaliza kuhukumu, kwa hivyo hajui mbwa ni wa nani, amezaliwa na nani, wala ameshinda wapi. Mimi karani ndiye mwenye kitabu, na sikifungui mbele yake.

Mbwa wanaingia kwa aina, kwa jinsia na kwa umri. Madume peke yao, majike peke yao. Wadogo huanza wakiwa na miezi sita, chini ya hapo wabaki nyumbani. Wote wanazunguka pamoja mara moja au mbili ili jaji awaone kwa jumla, kisha anaita mmoja mmoja.

Hapa nataka mtazame mikono ya jaji, kwa sababu watu wa nje hutazama uso wake wakitafuta tabasamu. Mbwa mdogo huwekwa mezani, mkubwa husimama nyasini. Jaji hamjii mbwa kwa nyuma. Anamjia kwa mbele, anasimama kidogo, anamwachia anuse mkono. Kisha anainua midomo kwa vidole viwili, anatazama jinsi meno ya juu yanavyoyafunika ya chini. Mbwa mzima ana meno 42, na kwa aina kama Rottweiler jaji anataka yote. Anashuka na shingo, anaweka kidole gumba juu ya ncha ya mfupa wa bega, kidole kingine kwenye kiungo cha bega na mkono wa mbele, na hapo anajua ulalo wa bega kuliko picha yoyote inavyoweza kumwambia. Anakunja kiganja chini ya kifua aone kina chake. Anapitisha mkono juu ya mgongo hadi mwanzo wa mkia. Anabana paja ahisi msuli. Kwa dume anahakikisha makende ni mawili na yote yameshuka. Manyoya yanaweza kudanganya jicho. Fundi wa kunyoa anaweza kujaza mahali palipobonyea na kupunguza palipozidi, lakini mkono hugusa mfupa.

Baada ya mikono ni mwendo. "Nenda, rudi." Mbwa anakwenda moja kwa moja, jaji anatazama miguu ya nyuma. Anarudi, jaji anatazama ya mbele. Kisha anazunguka, na hapo jaji anatazama ubavu: hatua inafika wapi, mgongo unatulia au unaruka. Watoto, sikilizeni siri hii: usipite kamwe kati ya mbwa wako na jaji. Jaji akihama upande, wewe nawe hama. Yeye hakuja kutazama viatu vyako. Nimemwona msichana wa kidato cha pili akiwa na Labrador wa kawaida tu, lakini kila jaji alipogeuka, mbwa yule alikuwa wazi mbele ya macho yake, amesimama sawasawa, kamba imelegea. Alimshinda mtu mzima aliyekuwa na mbwa mzuri zaidi, kwa sababu mbwa wa yule mtu mzima alikuwa ananing'inia shingoni, kamba imemkaba, na mbwa aliyekabwa hawezi kutembea mwendo wake.

Kuna jaji anayetoa nafasi tu, wa kwanza hadi wa nne. Katika mfumo wa FCI, shirika lililoanzishwa mwaka 1911 na nchi tano za Ulaya na lenye makao yake Thuin, Ubelgiji, jaji humpa kila mbwa daraja kabla ya nafasi: bora kabisa, nzuri sana, nzuri, inatosha, au kuondolewa. Tena anaandikisha sababu. Naupenda mfumo huo, sifichi. Mwenye mbwa anarudi nyumbani na karatasi inayosema "bega limesimama mno, kifua kizuri, meno kamili". Karatasi ile ina thamani kuliko kikombe, kwa sababu inakuambia jike wako apelekwe kwa dume wa aina gani.

Mshindi wa madume na mshindi wa majike wanakutana, anapatikana bora wa aina. Bora wa aina wanakutana katika kundi lao, yaani jamii ya aina zinazofanana. Kennel Club, chama cha mbwa cha Uingereza, ina makundi 7, FCI ina 10. Washindi wa makundi wanakutana, anapatikana mbwa bora wa maonyesho. Hapo watu huuliza, jaji anawezaje kulinganisha Chihuahua na Rottweiler? Halinganishi wao kwa wao. Anauliza ni nani aliye karibu zaidi na kiwango chake mwenyewe.

Sasa niseme neno juu ya tabia, na neno hili ni la Nairobi. Tunafuga mbwa kwa ajili ya wezi. Tunataka mbwa mkali, na tunajisifu: "Wangu hata mimi mwenyewe namwogopa!" Ndugu yangu, mbwa huyo hana nafasi ugani. Viwango vya FCI vinataka mbwa mwenye ukali usio na sababu, au mwoga kupindukia, aondolewe. Nilimwona Boerboel mmoja, kichwa kama jiwe la kusagia, mwili umejengeka, akamrukia jaji aliponyoosha mkono. Hakung'ata, lakini aliruka. Jaji akarudi hatua moja, akasema kwa utulivu, "Mtoe." Hakumgusa tena. Mwenye mbwa akalia kwamba ameonewa. Ameonewa na nani? Fikirini mbwa yule amezaa watoto tisa, na watoto hao tisa wameuzwa katika nyumba tisa za kupanga zenye ua mmoja na watoto wanaocheza mpira. Mlinzi mwema anajua mgeni aliyekaribishwa na mgeni aliyeruka ukuta, na asiyejua tofauti hiyo hastahili kuzaa.

Mtaniuliza: na jaji mwenyewe anahukumiwa na nani? Swali zuri, na ni la zamani kama maonyesho yenyewe.

Maonyesho yanayohesabiwa kuwa ya kwanza kuandaliwa rasmi yalifanyika Newcastle upon Tyne, Uingereza, mwezi wa Juni mwaka 1859. Walikuja mbwa wapatao 60, wote wa kuwindia ndege, Pointer na Setter. Zawadi zilikuwa bunduki. Na ni nani walioshinda? Mbwa wa jaji wa Setter alishinda upande wa Pointer, na mbwa wa jaji wa Pointer akashinda upande wa Setter. Mnacheka! Huenda walikuwa mbwa bora kweli. Lakini ni nani angeamini?

Vurugu za aina hiyo ndizo zilizofanya Kennel Club iundwe London mwaka 1873, ili kuwe na kanuni moja na kitabu kimoja cha nasaba. Leo, chini ya FCI, jaji hawezi kumhukumu mbwa aliyemmiliki, aliyemtunza au aliyemuuza katika miezi sita iliyotangulia. Na hakuna jaji mmoja anayeweza kumfanya mbwa bingwa. Uingereza inataka vyeti vitatu kutoka kwa majaji watatu tofauti. Marekani inataka pointi 15, na baadhi yake lazima zitokane na ushindi mkubwa chini ya majaji tofauti. Kanuni hizi hazikutungwa kwa sababu majaji wote ni wezi. Zilitungwa kwa sababu mtu ni mtu, jicho lake lina mapenzi yake, na ukiliunganisha na macho mengine mawili unapata ukweli ulio bora kidogo.

Kwa hivyo nawaomba, na nawaomba kwa heshima: jaji aliyealikwa Nairobi asichukuliwe uwanja wa ndege na mtu mwenye mbwa atakayehukumiwa kesho. Asile chakula cha jioni kwake. Hata kama hakuna ubaya wowote, msimpe kijana aliyetoka Kayole kwa matatu mbili sababu ya kusema "hawa wanajuana". Akishaondoka na neno hilo hatarudi, na tutabaki tukionyeshana mbwa sisi kwa sisi.

Nataka sasa niwaonyeshe nguvu aliyo nayo jaji, kwa sababu wengi hamuioni. German Shepherd mnayemfuga, yule aliye kwenye geti la kila nyumba kuanzia Karen hadi Kahawa, ametoka kwenye maonyesho. Mwezi wa Aprili mwaka 1899 afisa mmoja wa jeshi la Ujerumani, Max von Stephanitz, alikwenda maonyesho ya mbwa mjini Karlsruhe. Akamwona mbwa wa wachungaji aitwaye Hektor Linksrhein. Mbwa wa kijivu, mwenye misuli, si wa kupambwa. Akamnunua siku hiyo, akambadilisha jina akamwita Horand von Grafrath, akaanzisha chama, na Horand akaandikwa wa kwanza kabisa katika kitabu cha nasaba. Mtu mmoja alimwona mzazi ugani. Leo wazao wake wamejaa dunia nzima.

Hadithi haikuishia hapo. Miaka ishirini na ushei baadaye Stephanitz akaona mbwa wake wanaharibika. Wanakuwa warefu mno, wa miraba, na wengine tabia imechafuka. Afanye nini? Mwaka 1925, katika maonyesho makuu ya Ujerumani, yeye mwenyewe akiwa jaji, akamchagua Klodo vom Boxberg kuwa bingwa. Klodo alikuwa mfupi kuliko mtindo wa wakati ule, mwili mrefu, hatua inayofika mbali. Wafugaji walielewa ujumbe. Wakamkimbilia Klodo, na baadaye akauzwa Marekani, na sura ya aina nzima ikageuka. Kidole kimoja kilichonyooshwa siku moja! Je, mnaona sasa kwa nini nasema jaji anatafuta mzazi?

Na kidole hicho kikinyooshwa vibaya? Hapo ndipo ninapowaomba utulivu, kwa sababu nitasema jambo linalouma wapenzi wa maonyesho, nami ni mmoja wao.

Crufts, yale maonyesho yaliyoanzishwa na Charles Cruft mjini London mwaka 1891 na ambayo sasa hufanyika Birmingham, ndiyo yanayojulikana kuliko yote. Mwaka 2008 makala ya televisheni ya BBC ilionyesha mbwa wa maonyesho walioteseka kwa maradhi ya kurithi, na mwaka uliofuata BBC ikaacha kurusha Crufts. Kennel Club ikapitia viwango vyake. Kisha mwaka 2012 ikaweka kanuni mpya: katika aina 15 zilizotiliwa shaka, bora wa aina lazima apimwe na daktari wa mifugo asiye na upande kabla ya kuingia kundini. Nini kikatokea? Sita walikataliwa. Pekingese, Bulldog, Mastiff, Neapolitan Mastiff, Clumber Spaniel na Basset Hound. Mbwa waliokwisha kupewa utepe na jaji! Wenye mbwa walikasirika sana. Lakini jiulizeni: ilikuwaje jaji aliyesomea kazi yake amtangaze mbwa kuwa bora, halafu daktari amtazame na kusema huyu asiendelee?

Ilikuwa hivi. Kiwango kilisema uso mfupi. Jaji mmoja akampa utepe mwenye uso mfupi kidogo zaidi, wa pili akampa aliyezidi, wafugaji wakafuata tepe, na kizazi baada ya kizazi pua ikarudi nyuma hadi mbwa akakosa pumzi. Hakuna siku moja ambayo mtu aliamka akaamua kumtesa mbwa. Kila mmoja alisogeza hatua ndogo. Mwaka 2016 jambo lilirudi pale pale Crufts, safari hii kwa German Shepherd: jike aliyeshinda bora wa aina alionekana mgongo umeteremka na miguu ya nyuma haitulii, watazamaji wakalalamika sana, na Kennel Club yenyewe ikaeleza wasiwasi wake. Mbwa wa Horand, mbwa wa kutembea na kondoo kutwa!

Basi msiniletee picha ya mbwa aliyekunjwa miguu ya nyuma hadi karibu kugusa ardhi mkaniambia "huyu ni wa damu ya Ujerumani". Nionyesheni picha ya eksirei ya nyonga. FCI ina madaraja ya nyonga kuanzia A hadi E, A ikiwa safi na E ikiwa imeharibika vibaya. Madaktari wa kupiga picha hiyo wapo Nairobi. Jaji, kwa mikono yake yote miwili, hawezi kuona ndani ya kiungo, na mkifuga kwa kutegemea utepe peke yake mnafuga kwa jicho moja.

Nina hadithi moja tena, na hii ni yetu Waafrika. Mbwa aitwaye Basenji ametoka misitu ya Kongo. Habweki kama mbwa wengine. Wawindaji humfunga kengele shingoni ili wajue alipo. Alionyeshwa Crufts mwaka 1937 na watu wakamshangaa. Lakini waliofika Ulaya na Marekani walikuwa wachache sana, na kitabu cha nasaba kilifungwa: aliyemo amo, aliye nje hana njia. Wachache hao wakazalishwa wao kwa wao, na ugonjwa wa figo uitwao Fanconi ukaenea ndani yao. Wangezunguka wapi kupata damu safi, ikiwa kila mbwa kitabuni ni jamaa?

Wakafanya jambo ambalo wapenda nasaba wengi waliliona kama kufuru. Mwaka 1987 na 1988 wafugaji wa Marekani walisafiri hadi kaskazini-mashariki ya Kongo, wakati huo ikiitwa Zaire, wakaingia vijijini, wakatafuta mbwa wa wawindaji. Mbwa wasio na karatasi. Mbwa ambao baba yao hakuandikwa popote. Wakawapima, wakawatazama wakitembea, wakachagua. Mwaka 1990 American Kennel Club ikafungua tena kitabu, na mbwa 14 wa kijijini wakaingizwa. Wengine walileta hata rangi ya milia ambayo haikuwepo kwenye maonyesho. Baadaye vipimo vya vinasaba vya ugonjwa ule vikapatikana, na leo mfugaji anaweza kujua kabla ya kupandisha.

Wenzangu, nani alikuwa na thamani pale? Mabingwa wenye vikombe walikuwa wagonjwa, na dawa yao ilikuwa imelala kando ya moto wa mwindaji, haijaoshwa, haijasajiliwa. Nami nikipita Dandora, nikipita Kajiado, nikamwona mbwa wa kienyeji amekaa mlangoni, macho maangavu, miguu imenyooka, ana umri wa miaka kumi na hajaona daktari, siwezi kumwita takataka. Sisemi mchanganye ovyo. Nasema mwacheni kumdharau mbwa kwa kukosa karatasi, na mwacheni kumwabudu mwingine kwa sababu anazo.

Nije kwetu nimalizie. East Africa Kennel Club ndiyo inayosajili mbwa wa nasaba hapa na kuandaa maonyesho, na wanaojali kanuni wapo. Tatizo letu liko katika siku zinazofuata maonyesho. Dume ameshinda Jumapili. Jumatatu simu yake haitulii. Kila jike wa mtaa analetwa kwake. Baada ya miaka mitatu watoto wake wamejaa Nairobi, wanauzwa kwenye WhatsApp, na wanunuzi wasiojuana wanawapandisha ndugu wa baba mmoja. Tunajenga lile lile lililowapata Basenji, tena kwa mikono yetu, tena kwa haraka.

Kwa hivyo mwenye dume aliyeshinda, weka daftari. Andika kila jike, tarehe, mwenye jike na nambari yake ya simu. Ukiona dume wako amepandisha sana, mpumzishe, na mwelekeze mteja kwa mbwa wa mwenzako. Najua ni pesa unayoikataa, na karo ya watoto inasubiri. Mwenye jike, usimpandishe joto lake la kwanza. Mnunuzi, mwone mama. Si picha ya mama, mama mwenyewe. Akikubwekea kisha akatulia mwenye nyumba aliposema, kaa uongee bei. Akiingia chini ya kochi akitetemeka, au akihitaji kufungiwa chooni ndiyo uingie, aga vizuri uende zako, hata kama baba ni bingwa wa mabingwa.

Baada ya chai nitakuwa pale nje kwenye nyasi na kipimo cha urefu. Wenye German Shepherd na Rottweiler waleteni tuwapime begani, na wale wenye meza ndogo ya kukunja watusaidie kwa ajili ya mbwa wadogo. Daktari wetu amekubali kukaa hadi saa kumi kuwaeleza taratibu za eksirei ya nyonga. Na kwa maonyesho yajayo nahitaji makarani wawili. Anayetaka kujifunza aandike jina lake pale mezani. Sihitaji mtu mwenye mbwa bingwa, nahitaji mtu asiyepeleka maneno nje ya kamba na mwenye mwandiko unaosomeka. Asanteni sana.